Mchezo wa ubao wa vita vya kale kwenye simu: wachezaji wanajenga ukuta na hakuna anayesogea. Nibadilishe kanuni ipi?

KeteTupu ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Nina mchezo wa ubao wa kidijitali, wa watu wawili au mtu na kompyuta, wenye sura ya vita vya kale: ngao, mikuki na farasi, basi. Hakuna dadu, hakuna karata, hakuna dhahabu ya kuchimba. Lengo ni kanuni zote zienee kwenye skrini moja ya simu bila kuisogeza.

Kwa sasa ubao ni miraba 9 kwa 9. Kila upande una kete 14: askari wazito 8, wepesi 3, wapanda farasi 2 na jemadari 1. Zamu moja, kete moja. Mzito anakwenda mraba mmoja, mwepesi hadi miwili, farasi hadi mitatu. Wote kwa mstari mnyoofu, hakuna mshazari, hakuna kuruka kete. Kula ni kwa kubana: kete ya adui ikiwa katikati ya kete zako mbili, kushoto na kulia au mbele na nyuma, inatoka. Kete iliyojiingiza yenyewe katikati ya adui wawili haidhuriki. Anayemla jemadari ameshinda.

Shida zangu: pande zote mbili zinapanga safu ya wazito karibu na ukingo wao halafu farasi wanazunguka huku na huko hadi watu wachoke. Nimefikiria kuruhusu amri tatu kwa zamu ili mchezo uchangamke. Pia anayeanza anaonekana kuwa na faida. Na kompyuta ikitazama hatua nne mbele, simu ya kawaida inakwama. Nianzie wapi?

---

NgaoKwaNgao:

Anzia kwenye hesabu ya kete. Kasi haina kosa hapo. Ubao wako una safu wima 9, nawe umempa kila mchezaji wazito 8. Weka wazito hao bega kwa bega, ziba pengo lililobaki kwa mwepesi mmoja, na jaribu kuwala. Kushoto na kulia kwa kila kete kuna mwenzake, kwa hiyo kubana kwa ubavu hakuwezekani. Kubana kwa mbele na nyuma kunataka adui afike nyuma, na njia ya kufika huko haipo kwa sababu ukuta umegusa kingo zote mbili. Ukuta huo hauliki kabisa. Anayesogea wa kwanza ndiye anayefungua tundu, hivyo mchezaji mwenye akili hasogei. Ukimpa amri tatu kwa zamu atajenga ukuta huohuo mara tatu upesi zaidi.

Majemadari wa kale walikuwa na tatizo hilohilo kwa upande wa pili: watu hawakutosha kuwa wapana na wanene kwa pamoja. Marathon mwaka 490 KK Waathene walirefusha mstari wao ulingane na wa Waajemi, na gharama yake ikawa kupunguza kina katikati huku mabawa yakibaki na nguvu. Leuctra mwaka 371 KK Epaminondas, jemadari wa Wathebe, alifanya kinyume: bawa la kushoto la Wathebe lilikuwa na kina cha ngao 50, likakutana na Wasparta wasiozidi 12, na bawa dhaifu likabaki nyuma lisipigane mapema. Upana au kina, huo ndio uamuzi ambao mchezo wako unapaswa kumlazimisha mtu aufanye. Sasa hivi haumlazimishi kwa kuwa kina hakina kazi yoyote.

Kwa hiyo badilisha mambo mawili tu.

Kwanza, wazito wawe wachache kuliko upana wa ubao. Kwenye ubao wa upana wa 7 toa wazito 5, wepesi 3, farasi 2, jemadari 1, jumla 11. Mtu bado anaweza kuziba upana wote kwa wazito watano na kete mbili nyingine, lakini basi hana akiba.

Pili, weka msukumo. Wazito waliopangana mmoja nyuma ya mwingine wakielekea mbele wanaweza kusukuma mstari wa adui ulio mbele yao ikiwa wao ni wengi zaidi. Wawili wanamsukuma mmoja, watatu wanawasukuma wawili. Wazito pekee ndio wanaohesabiwa. Mwepesi au farasi hana uzito wowote mbele ya msukumo. Anayesukumwa anarudi mraba mmoja, na asipokuwa na pa kurudi (ukingo, au kete yoyote nyuma yake isiyo mzito) anatoka. Hapo ukuta wa kina cha mmoja uliobandikwa ukingoni unakuwa mahali pabaya kuliko pote, na hicho ndicho unachotaka: kujificha kuwe na gharama.

Sasa kanuni yako ya "aliyejiingiza hadhuriki" lazima irekebishwe, la sivyo msukumo utakuwa hauna jibu. Kete iliyoingia yenyewe katikati ya adui wawili isife hapohapo. Ipewe zamu moja inayofuata kujinasua. Zamu hiyo ikiisha bado imebanwa, inatoka. Hii inampa mlinzi njia ya Cannae, mwaka 216 KK: katikati ya jeshi la Hannibal wa Karthago ilirudi nyuma polepole, Warumi wakaingia kwa wingi kwenye mfuko, na askari wa miguu wa Afrika waliokuwa pande mbili wakawageukia ubavuni. Kwenye ubao wako, anayesukuma bila kuangalia mabawa ataingia mwenyewe kwenye mfuko huo. Aliyesukumwa na adui hadi katikati ya kete mbili, yeye atoke mara moja.

Na kuhusu uchangamfu: badala ya amri tatu, ruhusu wazito walio bega kwa bega wasogee mbele mraba mmoja kwa pamoja kama hatua moja. Safu nzima au kete moja, kusiwe na kipande cha safu. Mchezo utafika kwenye mgongano ndani ya zamu chache, na bado mpinzani atapata nafasi ya kujibu kila hatua.

---

Mshazari:

Nakubaliana na msukumo. Kwa anayeona ni wazo geni, mchezo wa ubao wa Abalone wa mwaka 1987 unaendeshwa na jambo hilo moja: kete 14 kila upande kwenye nafasi 61, watatu wanasukuma wawili, na anayetoa sita nje ya ubao anashinda. Nao ulipata ugonjwa huuhuu wa KeteTupu. Kwa mpangilio wake wa kawaida, mchezaji anaweza kujikusanya kama ngumi na kukaa. Dawa ambayo wachezaji wengi waliikubali ilikuwa kubadilisha mpangilio wa mwanzo, kete za pande mbili zianze zikiwa zimekaribiana na kugawanyika makundi, na kanuni zenyewe hazikuguswa. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kanuni ya tatu, jaribu kwanza kupunguza umbali. Safu za mbele zikiachana kwa miraba mitatu, mtu hana zamu za kutosha kujenga boma kabla ya kuguswa.

Kuna kanuni moja utashawishika kuiongeza kwa sababu ina historia nzuri: safu kuteleza kulia. Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, anasema kila askari alijibanza kwenye ngao ya jirani yake wa kulia, hivyo jeshi zima lilielekea upande huo. Ukiiweka kwenye ubao, mchezaji ataona kete zake zinakwenda asikotaka na atadhani programu ina hitilafu. Iache.

Ushindi wa kumla jemadari peke yake ndiyo sehemu ninayoiona dhaifu kuliko zote. Unamfanya kila mtu amfungie jemadari kona ya nyuma, na hapo umerudi kwenye ukuta. Majeshi ya kale hayakuuawa hadi mtu wa mwisho. Yalivunjika moyo na kukimbia, na wengi walikufa wakiwa wameonyesha migongo. Weka kizingiti: upande uliopoteza kete 5 kati ya 11 umekimbia, mchezo umeisha. Kwa njia hiyo hakuna nusu saa ya kufukuza kete ya mwisho, na kila kete inayoliwa inasikika. Jemadari mbakize, lakini mpe kazi: mzito anayegusana naye kwa nyuma aongeze mmoja kwenye hesabu ya msukumo. Sasa ana sababu ya kuja mbele, na akija mbele anaweza kuliwa. Alexander Mkuu alikuwa akipigana akiwa pamoja na wapanda farasi wake, na Gaugamela mwaka 331 KK vita viliamuliwa pale Dario wa Tatu, mfalme wa Uajemi, alipoondoka uwanjani. Basi jemadari akiliwa, hesabu iwe sawa na kete tatu. Ushindi wa moja kwa moja ni mwingi mno.

Faida ya anayeanza inatibika bila kugusa kanuni za vita: mmoja anapanga kete za pande zote mbili na kusema nani ataanza, mwingine anachagua upande anaoutaka. Aliyepanga hana namna ya kujipendelea. Dhidi ya kompyuta iache, badilisheni tu anayeanza.

Na maandishi ya kanuni yaandike kwa uangalifu mkubwa, neno kwa neno. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoandika kanuni za tablut, mchezo wa ubao wa huko Lapland, mwaka 1732, ubao 9 kwa 9, washambuliaji 16 kwa walinzi 8 na mfalme wao, alisema kila kete inaliwa kwa kubanwa na wawili, hata mfalme. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1811 ikageuza "hata mfalme" kuwa "isipokuwa mfalme". Kwa kosa hilo moja mfalme akawa mgumu kuliwa, na upande wake ukawaelemea washambuliaji kwa muda mrefu. Mchezo mdogo hauna kanuni nyingine za kuficha kosa.

---

NgaoKwaNgao:

Kwa jemadari kuongeza uzito nina shaka. Mtu atalazimika kukumbuka jambo ambalo halionekani kwenye umbo la kete. Kama utaiweka, chora alama juu ya mzito anayesaidiwa, na itoweke jemadari akiondoka. Kizingiti cha kete 5 ndiyo, bila shaka yoyote.

Wepesi nao usiwaache wakiwa wazito dhaifu tu. Waruhusu kupita juu ya kete moja ya upande wao. Warumi waliwatanguliza velites, askari wao wepesi, mbele, halafu wakarudi kupitia mapengo ya safu zao. Bila ruhusa hiyo, mwepesi aliye mbele ya safu yako anaizuia isiende, na wachezaji watawaacha nyuma mchezo mzima.

---

KeteTupu:

Asanteni sana. Nimechukua 7 kwa 9, kete 11, msukumo, safu kwenda pamoja, kizingiti cha 5. Jemadari bila uzito kwanza, nijaribu. Sasa upande wa kompyuta. Natumia minimaksi (kompyuta inapima kila hatua ikidhani mpinzani atajibu kwa hatua yake bora) na alfa-beta (kukata matawi yasiyoweza kubadilisha uamuzi), kina cha hatua nne, lugha ya JavaScript. Na je, amri tatu nizisahau kabisa?

---

FundiBiti:

Zisahau. Chukua kete 14 za zamani, kila moja ikiwa na hatua tano hivi: hatua 70 kwa amri moja. Amri tatu ni 70 × 70 × 70, yaani 343,000 kwa zamu moja ya mchezaji mmoja. Hata ukiondoa marudio ya mpangilio (hatua zilezile tatu kwa utaratibu tofauti, mara sita) unabaki na zaidi ya 57,000. Hakuna alfa-beta itakayokuokoa hapo. Na wanaojaribu kuzivunja amri kuwa ngazi tatu za mti huangukia kosa lingine: kwenye negamaksi (namna fupi ya kuandika minimaksi) alama hugeuzwa ishara kila ngazi, lakini hapa mchezaji bado ni yuleyule. Ishara igeuke pale tu mchezaji anapobadilika. Ukikosea, kompyuta itacheza amri ya pili kwa faida ya mpinzani.

Kwa kanuni mpya una hatua kama 50 kwa zamu. Kina cha nne bila kukata ni 6,250,000. Kwa alfa-beta iliyopangwa vizuri kabisa ni 4,999. Tofauti hiyo yote inatokana na mpangilio wa hatua, kwa hiyo nina hakika simu inakwama kwa sababu unazitazama kwa utaratibu wa kete ya kwanza hadi ya mwisho. Tazama kwanza hatua iliyoonekana bora kwenye kina kilichotangulia, kisha zinazokula, kisha misukumo, kisha safu kwenda mbele, halafu zilizobaki. Ili upate "kina kilichotangulia", tafuta kina cha 1, halafu 2, halafu 3, ukisimama muda ukiisha. Sekunde moja inatosha kwa mchezo huu. Muda ukikatika katikati ya kina, tupa matokeo ya kina hicho ambacho hakijakamilika, isipokuwa hatua ya kwanza ilishamaliza kukaguliwa. Na hesabu zote zifanyike kwenye Worker (sehemu ya JavaScript inayofanya kazi pembeni), nje ya uzi unaochora skrini, vinginevyo hata vidole havitasikika.

Ubao wa 7 kwa 9 una miraba 63. Kwenye lugha za C au Rust hiyo inaingia yote ndani ya namba moja ya biti 64: kwenda mbele ni kusogeza biti 7, kwenda pembeni ni biti 1, na lazima uwe na kizuizi cha safu wima ya kwanza na ya saba, la sivyo kete ya ukingo wa kulia itatokea ukingo wa kushoto mstari unaofuata. Kwenye JavaScript usifuate njia hiyo: kazi za biti hukata namba hadi biti 32, na BigInt, aina yake ya namba kubwa, ni nzito. Tumia safu ya kawaida yenye mpaka, 9 kwa 11, jumla 99, miraba ya mpaka ikiwa na thamani ya "ukuta". Hapo hukagui ukingo kamwe. Msukumo unapokutana na "ukuta" unajua anayesukumwa anatoka.

Tengeneza pia jedwali la hali zilizokwisha kuonekana, kwa namba za Zobrist (kila kete kwenye kila mraba ina namba yake, na zikiunganishwa zinatambulisha hali ya ubao): miraba 63, pande 2, aina 4, yaani namba 504 za bahati nasibu, na moja ya kuonyesha zamu ya nani. Mchezo wako una mtego wake: kete iliyojiingiza na kupewa zamu moja ya kujinasua. Hali mbili za ubao zinaweza kufanana kwa macho, moja ina kete inayosubiri kutoka na nyingine haina. Ongeza namba 63 kwa ajili ya alama hiyo. Ukisahau, kompyuta itaamini kete iko salama na kuiacha ife, na utatafuta kosa kwenye tathmini siku nzima bila kulipata.

Namba hizohizo zikusaidie kuzuia marudio: hifadhi orodha ya hali zilizopita na ukatae hatua inayorudisha hali iliyowahi kuwepo. Sare za kuzunguka zinaisha hapo.

---

KidoleGumba:

Upana wa 7 una faida ambayo hamjaitaja. Simu nyingi zina upana wa dp 360 hivi (dp ni kipimo cha skrini cha Android). Ukigawa kwa 9 kila mraba ni 40, na mwongozo wa Android unashauri sehemu ya kuguswa isipungue 48. Kwa 7 unapata 51. Ubao uguse kingo za skrini, usiuwekee fremu pembeni.

Kugusa mara mbili (kete, kisha mraba) kuwe njia kuu. Kuburuta kuwe nyongeza, kwa sababu kidole kinafunika mraba mtu anaoulenga. Safu nzima: gusa mzito mmoja kwa muda, walio bega kwa bega naye wawake. Aina za kete zitofautiane kwa umbo na pande zitofautiane kwa mwanga, giza na weupe. Usitegemee nyekundu na kijani. Kete inayosubiri kutoka ichorwe kwa mstari wa vipande; hiyo ndiyo hali pekee isiyoonekana kwenye ubao, na mtu asiyeiona atadhani ameibiwa kete.

Kurudisha hatua: usihifadhi orodha ya hatua na kuzigeuza nyuma. Msukumo ukitoa kete mbili kwa mpigo, kugeuza kunakosewa kirahisi. Hifadhi mpangilio wa mwanzo na hatua, kisha zicheze upya hadi ya kabla ya mwisho. Hatua 60 zinachezwa upya kabla mtu hajapepesa.

---

KeteTupu:

Mpangilio wa hatua umefanya kazi, simu haikwami tena. Yamebaki mawili. Kompyuta ikiwa na ushindi mkononi, kete nne tayari, inazungukazunguka badala ya kumaliza. Pili, mchezaji akiingiza mzito kwenye kona, anakuwa haliki: hakuna nafasi ya kumbana pande mbili.

---

FundiBiti:

La kwanza: bila shaka unatoa alama ileile ya ushindi, tuseme 10,000, iwe ni baada ya hatua moja au tano. Kwa kompyuta zote ni sawa, kwa hiyo inaahirisha. Toa idadi ya hatua tangu mwanzo wa utafutaji: ushindi wa hatua ya kwanza 9,999, wa tatu 9,997. Ukiihifadhi alama hiyo kwenye jedwali, ongeza kwanza umbali wa hali hiyo kutoka mwanzo wa utafutaji, na unapoisoma utoe umbali wa pale ulipo. Bila hivyo alama ya tawi moja itadanganya tawi jingine.

---

Mshazari:

La kona: ihesabu kona kama kete ya adui wa kila mtu, kama baadhi ya matoleo ya hnefatafl, mchezo wa ubao wa Skandinavia wa jamii ya tablut, yanavyofanya kwa kona zake. Kete iliyo jirani na kona inaliwa na adui mmoja upande wa pili, na hakuna anayeruhusiwa kusimama juu ya kona yenyewe. Unapoteza miraba minne kati ya 63, na kwenye safu ya 99 ya FundiBiti ni kuipa kona thamani yake ya pekee. Ila angalia msukumo: mzito anayesukumwa kuelekea kona hana pa kurudi, kwa hiyo anatoka. Iandike hivyo kwenye skrini ya kanuni, kwa sababu mtu wa kwanza kutokewa na hilo atauliza.